Shahada Uliyoniachia

Dada Zaituni,

Nakuandikia kwa Kiswahili kwa sababu ndiyo lugha tuliyokuwa tukigombania wodini. Wewe, mtoto wa Nyamirambo, ulidai cha kwenu ndicho chenyewe. Mimi niliyelelewa Karagwe, nikajua Kinyarwanda cha jikoni tu mpaka tuliporudi nchini, nilikucheka kila uliposema "iko". Tangu uondoke sina wa kubishana naye. Mume wangu Faustin alikulia Uganda, nikimwuliza kwa Kiswahili ananijibu kwa Kinyarwanda, tena nusu amelala. Kwa hiyo leo utanisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza, na ukiona nimekosea utavumilia.

Nina jambo na sijui nifanye nini. Ijumaa hii nina mtihani wa vitendo wa kurudia. Ndiyo, wa kurudia. Nimefeli, dada. Donata wako, ambaye madaktari humwita wakishindwa kuupata mshipa wa mtoto mchanga, amefeli kuchoma sindano. Nikifeli tena natolewa chuoni. Nikifaulu, nitalazimika kuendelea na shahada ambayo wewe unajua, kuliko mtu yeyote, kwamba sikuitaka. Kuna saa natamani nifeli ili mambo yaishe. Halafu najikuta nimeamka kabla ya wenzangu, nafanya mazoezi kwenye mto wa kulalia. Sijielewi hata kidogo.

Acha nikukumbushe ilivyoanza, maana nashuku ulikotua umeanza kujifanya huhusiki. Tulikuwa tunatandika kitanda cha yule bibi wa Bugesera aliyeruhusiwa kwenda nyumbani. Ukasema, bila hata kunitazama, "Dona, twende tusome." Nikadhani kuna semina yenye chakula cha mchana. "Si semina, wee. Shahada." Nilicheka mpaka matroni akachungulia. Sisi tulikuwa wauguzi waliosajiliwa, tuna stashahada zetu na leseni zetu, A1 kama wanavyotuita, na nchi hii ina hesabu yake: unaanzia A2, unapanda A1, ukisoma sana unafika A0. Nikakuambia kwa umri wetu sifuri haina haraka. Wewe ulikuwa umepita hamsini, miwani yako ya kusomea tulikuwa tunaiokota kwenye trei za dawa. Hukucheka. Ulisema utaona aibu kukaa peke yako katikati ya watoto wa watu.

Basi nikajiandikisha ili nikusindikize. Kukusindikiza tu. Ni kama mtu aliyempeleka mgeni stendi, akapanda naye basi ili amsaidie kuweka mzigo, mara mgeni ameshuka na basi limeondoka na mwenyeji.

Ninakumbuka wiki zile za mwanzo chuoni Remera na bado nacheka peke yangu. Ulichagua benchi la mbele kabisa kwa sababu ya macho, nikalazimika kukaa na wewe. Mhadhiri wa kwanza aliingia, akatuona sisi mama wazima na mikoba yetu, akatusalimia kwa heshima akidhani ni wageni wa mkuu wa chuo. Wakati wa mapumziko ulitoa kile kipimo chako cha presha mkobani ukawapima wanafunzi, mmoja baada ya mwingine, ukiwauliza wametoka wilaya gani na mama zao wanafanya nini. Walipanga foleni. Yule mlinzi wa getini naye akaja. Baada ya masomo tulishuka Gisimenti tukanywa chai ya maziwa na chapati, baa zote zinapiga muziki, wewe umejifunga mtandio wako unasoma takwimu kwa sauti kama mtu anayesoma uradi. Ulifurahi. Sikuwahi kukuona umefurahi vile, na sikukuuliza kwa nini, kwa sababu nilidhani muda upo.

Halafu ikaja ile Jumamosi.

Nilikuwa nimekuwekea kiti. Nimeweka mkoba wangu juu yake ili yule kijana wa darasani kwetu mwenye daftari nyingi asikae. Rehema, binti yako, akapiga simu. Alisema amesikia ndoo inaanguka bafuni, akakukuta chini, mdomo umekwenda upande, unataka kusema na maneno hayatoki. Jirani akawasha gari. Hamkufika hospitali. Kiharusi, wakasema, presha. Nilikuwa nimesimama kwenye korido ya chuo nikimwambia Rehema "mlaze ubavu, mlaze ubavu", na mtoto wa watu ananiambia, "Aunt, amekwisha."

Nilipofika kwako Gahanga wanawake wenzako walikuwa tayari wamejifungia ndani wanakuosha. Nikasimama nje ya mlango. Mimi, dada. Ni maiti wangapi tumewaosha pamoja, mimi na wewe, wewe ukishika kichwa na mimi miguu? Wewe ndiye uliyenifundisha kufunga taya kwa bandeji bila kumwumiza mtu ambaye haumii tena. Na siku yako nimesimama uani nasikia maji yanamwagika, na mama mmoja ananishika bega kwa upole ananiambia nisubiri, kwa sababu mimi si wa dini yenu. Hakukosea. Sikumlaumu. Ila sikujua mikono yangu niiweke wapi.

Alasiri ulikuwa umekwisha zikwa. Wanaume waliinua jeneza wakaondoka kwa haraka ile yenu, sisi wanawake tukabaki na sufuria. Kwetu mtu akifa tunakaa, watu wanakuja siku baada ya siku, tunalia, tunachoka kulia, tunazika, tunakaa tena. Unapewa muda wa kuzoea. Wewe asubuhi ulikuwa unaoga uje darasani, na jua halijatua hata kaburi lako sijaliona. Nilirudi nyumbani Remera na mkoba wa vitabu begani kama mtu aliyetoka shule. Faustin akaniuliza somo lilikuwaje. Nikamjibu, "Zuri." Sijui kwa nini nilimjibu hivyo.

Tangu hapo nimekuwa nikiuliza watu ulikuwa unaitafutia nini shahada. Rehema anasema ulitaka cheo cha matroni kabla hujastaafu. Matroni anasema ulichoka zamu za usiku na ulitaka kufundisha. Ndugu yako wa Nyamirambo anasema ulikuwa unashindana na mume wako wa zamani, Mungu wangu, hata huyo nilikuwa nimemsahau. Mimi uliniambia mara moja, tukiwa tunavuka barabara pale uwanjani, "Nataka nione kama kichwa bado iko nafanya kazi." Na kila mtu anasema jibu lake kwa uhakika. Ungekuwa umeniambia hata neno moja zaidi ningejua ninachokibeba. Sasa nimebeba tu. Nilitaka kuacha wiki ileile. Nikaona haya kuacha kiti chako na changu vikiwa vitupu kwa pamoja, nikaendelea, na hiyo si sababu ya kusomea, hata wewe ungeniambia.

Sasa nikueleze nilivyofeli, maana ukisikia utacheka na nataka ucheke.

Chumba cha mazoezi kina vitanda na kwenye kila kitanda kuna mgonjwa wa plastiki. Unaingia, mhadhiri amekaa pembeni na karatasi ya alama, unapewa kazi, muda unaanza. Mimi nikapewa sindano ya msuli. Nikasema moyoni leo wamenipa zawadi. Kumbe sheria ya pale ni kwamba kila unachofanya unakitangaza: sasa nanawa mikono, sasa nahakikisha jina la mgonjwa, sasa nakagua dawa na tarehe yake, sasa natafuta eneo la kuchoma. Usipokitangaza, kwao hukukifanya. Tuliambiwa. Niliandika hata kwenye daftari.

Lakini wewe ulinifunza vingine, au umesahau? Siku yangu ya kwanza wodini kwako nilimsogelea mzee mmoja na bomba la sindano, nikamwambia, "Mzee, nakuchoma." Akaruka nusu ya kitanda. Ukaninyang'anya sindano, ukamwuliza habari za ng'ombe wake, yupi amezaa, anamwita nani, na kabla hajafika jina la ndama ulikuwa umeshamaliza na unasugua pamba. Ukanivuta pembeni. "Mikono ifanye kazi ya mikono. Mdomo ni wa mgonjwa, wee." Miaka yote hii nimefanya hivyo. Mdomo wangu haujui tena njia nyingine.

Basi nikamsogelea yule wa plastiki, nikanawa, nikakagua, mikono yangu ikafanya kila kitu kwa mpangilio wake, na mdomo, dada, mdomo ukamwuliza amelalaje. Ukamwuliza ametoka wapi. Nikasikia sauti yangu mwenyewe inasema, "Na ng'ombe je, wanakunywa vizuri kiangazi hiki?" Hakujibu, kwa hiyo nikamjibia. Wanafunzi waliokuwa wakisubiri zamu nyuma ya pazia wakaangua kicheko. Nikachoma, nikasugua, nikamfunika. Nimemaliza. Mhadhiri akasema kwa huzuni ya kweli, "Mama Donata, sijasikia hatua hata moja." Karibu kila mstari ulikuwa mtupu. Na yule kijana wa daftari nyingi, ambaye mikono yake ilitetemeka mpaka sindano ikaanguka, alitangaza kila kitu, hadi kuanguka kwa sindano, na akafaulu.

Nilimkasirikia mhadhiri siku nzima. Kisha nikaanza kumwelewa, na hilo likanichanganya zaidi. Aliniita ofisini akaniambia hawezi kuona kilicho kichwani mwangu, na kesho nitakuwa na wanafunzi nyuma yangu wodini ambao nao hawataona. Ni kweli. Wewe mwenyewe hukunieleza ulikuwa unafanya nini na yule mzee. Nilikuibia kwa macho. Sasa nani yuko sahihi? Wewe, au yeye? Nikitaka kumtii yeye naona nakusaliti, na nikikutii wewe nafeli. Na wewe ndiye uliyenileta kwake! Nimejaribu na Faustin, nimemlaza kitandani nimtangazie hatua, akasinzia kabla sijafika kwenye pamba. Ijumaa inakuja na mimi

*

Leo Jumapili. Jumatano niliitwa ghafla kushika zamu ya mwenzangu, nikaacha sentensi hewani, na nikirudi kuisoma sikumbuki nilitaka kusema nini. Acha ibaki hivyo.

Mtihani umepita. Nilikwenda nimefunga midomo tangu nyumbani, nikiogopa nikiifungua itauliza habari za ng'ombe. Nikachomoa kikaratasi cha kazi bakulini, nikakifungua. Mwanamke, zaidi ya miaka hamsini, amekutwa chini bafuni, uso umekwenda upande mmoja, hawezi kusema.

Dada, nilitaka kutoka. Nilimtazama mhadhiri nione kama ananijaribu, lakini yeye hakujua chochote kuhusu ile ndoo. Kwake ilikuwa karatasi mojawapo katika bakuli. Akawasha saa yake. Miguu yangu haikutoka, na sikuiambia ibaki.

Nikaanza kutangaza. Nahakikisha mahali ni salama. Naita msaada. Nasema naye, naangalia kama anajibu. Nafungua njia ya hewa. Namlaza ubavu. Nawaambia asipewe maji wala chakula. Nauliza waliomwona, mara ya mwisho alikuwa mzima saa ngapi. Napima presha. Napima sukari. Sauti yangu ilikuwa kubwa mno, sikuweza kuishusha, hata nyuma ya pazia hakuna aliyecheka. Kila hatua niliisema, na kila hatua niliifahamu, na kila niliyoisema nilikuwa naisema bafuni kwako Gahanga, ambako sikuwepo. Sikumwuliza habari za nyumbani kwake. Nyumbani kwake nilikuwa napajua.

Kisha mhadhiri akatazama karatasi yake akasoma yale wanayosoma mwishoni: "Mgonjwa ametulia. Anahamishiwa wodini. Asante." Nimefaulu, tena vizuri. Na mimi nikabaki nimeshika mkono wa plastiki, nalia kwa hasira, kwa sababu yule amepona. Ananunuliwa kwa katoni, hana Rehema, hana darasa la kuwahi, na amepona. Nilifurahi pia. Mungu anisamehe, nilifurahi kufaulu, palepale, na machozi yanatiririka. Usiniulize vinakaaje pamoja.

Mhadhiri akaleta kiti. Nilimweleza habari zako kwa kifupi. Nikamwambia ulipima presha ya chuo kizima mpaka mlinzi, na hakuna siku tuliyokuona umekunja mkono wa nguo ujipime mwenyewe. Nikamwuliza, si kama mwanafunzi, kama mtu aliyechoka: sisi wauguzi nani anatupima? Nilitaka tu aseme pole. Akasema pole, kisha akasema hajui. Akaniambia hilo ni swali, na mwaka wa mwisho kila mtu anatakiwa kulitafutia jibu swali lake, na kama ninalitaka yeye atanisimamia.

Nikaenda nalo nyumbani kama mtu aliyepewa mtoto wa jirani amshike kidogo. Nililishika Ijumaa yote. Jana, baada ya ripoti ya asubuhi, kabla watu hawajatawanyika, nikaweka kipimo juu ya meza nikawaambia wauguzi wenzetu wakae. Wakalalamika, unawajua. Mmoja ana dripu zinazoisha, mwingine anasema yeye ni mkimbiaji. Nikawapima wote. Matroni akawa wa kwanza kukunja mkono wa nguo ili wengine wasikimbie. Wanne niliwatuma kwa daktari, na mmoja wao ni yule mkimbiaji. Nilikuwa naanza kukifunga kipimo wakati matroni aliponishika kiwiko akanikalisha.

Iko juu, dada. Nimesema iko, cheka. Juu sana. Na unajua neno la kwanza lililonitoka? Nilisema, "Betri za mashine hii zimechoka." Matroni akanipima mkono wa pili, kisha akanipeleka kwa daktari, nikaandikiwa vidonge vya presha.

Kwa hiyo hali ndiyo hiyo. Sijajua bado kwa nini ulitaka shahada, na nadhani nitaacha kuwauliza watu. Sijajua kama nilikuwa naumwa tangu wewe uko hai, au nimeanza kuumwa kwa kukulilia. Siku moja naona umeniokoa, siku ya pili nataka kukufuata huko nikugombeze kwa uzembe wako. Rehema ameniomba nikipata nafasi nimpime na yeye, na hajafika hata thelathini. Nitaenda Gahanga wiki hii.

Lakini chuoni ninabaki. Hilo nimelijua leo asubuhi bila kushauriwa na mtu, nikiwa nasukutua meno. Lile swali ni langu, dada, nimelipata mwenyewe na wewe humo hukuniingiza. Kiti chako nitamwachia yule kijana, anahangaika sana na vitabu vyake huko nyuma.

Mungu wako na wangu akupumzishe, Zaituni. Sikupata kukuosha, sikupata kukuzika, basi nipokee kwaheri yangu hii ya karatasi. Nakuahidi jambo moja tu, maana mengine sina uhakika nayo. Kidonge cha kwanza nimekimeza leo, Faustin amesimama mlangoni ananihesabia mafunda ya maji. Cha kesho nimekwisha kiweka karibu na mswaki.

Mdogo wako,
Donata